Bomba za nyumba zetu Tanga: ukiona hivi, chanzo kiko hapa

Kuna mama mmoja wa Makorora aliniita nikambadilishie koki ya jikoni, nikafika nikamwamkia, akanambia mwanangu hii ni ya tatu tangu Ramadhani iliyopita na zote nimenunua za bei. Nikafungua ile ya zamani nikamwonesha raba ya ndani, imekatwakatwa kama imetafunwa, nikaipangusa na kidole nikamwonesha mchanga. Koki haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mita 15 nyuma, kwenye bomba linaloingia kutoka mtaani, maji yakikatika na kurudi yanakuja na mchanga na hamna kitu chochote cha kuuzuia. Tukafunga kichujio baada ya mita ya maji, cha nusu inchi tu, kile cha shaba chenye wavu ndani, na mpaka leo koki ile ipo.

Ndo maana naandika hii. Pesa nyingi watu wanazimaliza kurekebisha pale maji yanapoonekana, wakati tatizo lilianzia kwingine. Na kwa hapa Tanga vyanzo vyenyewe vinajirudia sana: chumvi ya bahari, chokaa ya visima, nazi ya jikoni, na haya maji ya kukatika na kurudi. Ukishavijua hivi vinne utaweza kukisia tatizo kabla hata fundi hajafika, na yeye akija utajua kama anakwambia ukweli.

Kabla ya dalili yoyote, jambo moja. Ijue koki kuu ya nyumba yako iko wapi, ile iliyo karibu na mita. Nenda kaizungushe leo. Nyumba nyingi za Raskazone na Sahare nilizoingia koki kuu imeganda, haijaguswa miaka, hewa ya chumvi imeshaila, siku bomba linapasuka saa nane ya usiku mtu anahangaika nayo mpaka mpini unakatikia mkononi. Izungushe kila mwezi, funga mpaka mwisho, fungua, basi. Ikiwa ngumu usitumie nguvu, ita fundi aibadilishe mchana kweupe hamna dharura.

Koki inadondosha hata ukikaza

Kama ni koki ya kuzungusha, asilimia kubwa ni raba. Na raba inakufa haraka kwa sababu mbili, mchanga niliousema, na mikono yetu. Tunakaza sana jamani. Koki ikianza kudondosha kidogo mtu anaikaza zaidi, kesho anaikaza tena zaidi, raba inabonyea mpaka inaisha halafu chuma kinaanza kusagana na kile kiti cha shaba ambacho raba inakalia. Hapo sasa hata ukiweka raba mpya itadondosha tu maana kiti kimeshachimbika. Funga maji, fungua koki, ingiza kidole ndani upapase pale chini, ukisikia mkwaruzo ujue raba peke yake haitoshi, badili koki yote.

Koki za kunyanyua mpini au za robo mzunguko hazina raba ya namna hiyo, zina vigae viwili ndani vinateleza. Hizo mchanga ukiingia ndo basi, vigae vikishachubuka havitengenezeki, unabadili kile kiini cha ndani. Kwa hiyo kama maji yako yanakuja machafu, kichujio kwanza, koki ya kisasa baadae.

Usidharau tone. Tone moja kwa sekunde ni matone 86,400 kwa siku, ukichukulia matone manne ni mililita moja unapata lita 21 na ushee, yaani ndoo kubwa nzima inamwagika kila siku na zaidi kidogo. Na unailipia.

Sinki la jikoni linashusha maji polepole

Hapa nitakaa sana kwa sababu ndo kazi ninayoitiwa kuliko zote, na inaongezeka kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane. Kwanini miezi hiyo? Angalia chupa yako ya mafuta ya nazi dirishani asubuhi ya Julai. Yameganda, meupe. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya digrii 24 hivi, na kipupwe chetu usiku kinafika huko. Sasa yale yaliyoganda kwenye chupa ndo yanayoganda kwenye bomba. Sufuria la wali wa nazi, sufuria la mchuzi wa samaki wa tui zito, umeliosha saa tatu usiku kwa maji ya baridi, mafuta yanashuka mpaka kwenye kona ya kwanza yanashika ukuta wa bomba. Kesho yake machicha mawili matatu yaliyopita kwenye chujio yanakuja yanaganda juu ya yale mafuta. Keshokutwa magamba ya changu. Inajenga taratibu kama simenti, miezi mitatu minne hujui kitu, halafu siku una wageni ndo sinki linakataa.

Na kama unatumia maji ya kisima kuna ziada. Ardhi yetu ni ya chokaa, mapango ya Amboni yamechimbika kwenye mawe ya chokaa na simenti ya Pongwe inatoka kwenye mawe hayohayo, na visima vingi hapa vinatoa maji magumu. Sabuni kwenye maji magumu haitoi povu vizuri, inatengeneza utando mweupe unaonata, ule unaouona kwenye beseni. Utando huo nao unaingia bombani kuungana na mafuta.

Cha kufanya, kwanza jua kizuizi kiko wapi. Sinki la jikoni peke yake likigoma na bafuni kunashuka vizuri, basi tatizo liko karibu, mara nyingi kwenye trapu, lile bomba lililojikunja chini ya sinki. Kama jikoni na bafuni kote kunagoma, au ukimwaga maji jikoni yanaibuka bafuni, achana na sinki nenda nje kwenye chemba, kile kishimo chenye mfuniko bomba za maji machafu zinapokutana, fungua mfuniko uangalie. Chemba kavu maana yake kizuizi kiko kati ya nyumba na chemba, chemba imejaa maana yake kiko mbele zaidi kuelekea shimoni. Dakika tano tu za kuangalia zinakuokolea nusu siku ya kuchokonoa sehemu isiyo na shida.

Trapu unaifungua mwenyewe, huhitaji fundi. Weka ndoo chini kwanza, zile pete mbili za plastiki zizungushe kwa mkono, ikiwa ngumu shika na kitambaa, usitumie spana ya bomba maana plastiki inapasuka. Mwaga, sugua na brashi ya chupa, na kabla hujarudisha angalia zile raba mbili zimekaa sawasawa.

Sasa naomba mnisikilize kwenye kostiki. Watu wananunua kostiki soda dukani wanamwaga kwenye sinki na maji ya moto. Muulize mtu yeyote anayetengeneza sabuni ya mche mtaani kwako anachanganya nini: kostiki na mafuta ya nazi au mawese. Inatoka sabuni ngumu. Ndicho unachokitengeneza ndani ya bomba lako, nimeshakata bomba la Ngamiani nikatoa kipande cha sabuni kirefu kama mkono. Juu ya hapo inachemka yenyewe ikikutana na maji, inaweza kurukia macho, na ukishaimwaga ikashindikana halafu ukamwita fundi bila kumwambia, unamuunguza mwenzio. Na usije ukachanganya dawa za kuzibulia, hasa jiki na dawa ya choo yenye asidi, inatoka hewa ya klorini inayoumiza mapafu na kwenye bafu dogo lisilo na dirisha ni hatari kabisa.

Maji ya moto peke yake yanasaidia kama mafuta bado ni machache, ila yawe ya moto wa kuvumilika na mkono kidogo, siyo yanayotokota. Bomba la PVC, hili la plastiki la kawaida, limetengenezwa kwa maji yasiyozidi digrii 60 hivi, ukimwagia ya kuchemka kila siku linalainika, linabonyea katikati, na pale lilipobonyea ndo patakuwa makao ya uchafu milele.

Kinga ni rahisi mno. Sufuria lenye mafuta lipanguse na karatasi au hata na maganda ya mgomba kabla ya kuosha. Machicha yaende kwa kuku. Weka kichujio cha matundu madogo kwenye sinki, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kumwita mtu kuzibua.

Bafuni kunanuka lakini hamna kilichoziba

Mara nyingi ni trapu imekauka. Ile kona ya bomba inabakisha maji kiasi cha sentimita 5 hivi, hayo maji ndo mlango unaozuia hewa ya shimoni isipande. Bafu la wageni lisilotumika, joto letu hili la Januari, wiki chache tu maji yamekauka na harufu inapanda. Mwaga lita mbili za maji kwenye kila tundu la sakafu mara moja kwa wiki. Ukisafiri kwenda kijijini mwezi mzima, mwaga maji halafu juu yake vijiko viwili vya mafuta ya kula, yanaelea yanazuia maji yasikauke.

Kama bafu linatumika kila siku na bado kunanuka, na ukiflashi choo unasikia sinki linagugumia guluguluu, basi nyumba haina bomba la kupumulia, au lipo limezibwa na kiota. Choo kinaposhusha maji mengi kwa mpigo kinavuta hewa, kikiikosa juu kinaivuta kupitia trapu ya sinki na kuondoka na yale maji yake. Dawa yake ni kupandisha bomba la hewa mpaka juu ya bati, hamna njia ya mkato hapo, kumwaga manukato ni kupoteza hela.

Maji hayana nguvu

Swali la kwanza: ni koki moja au nyumba nzima?

Ikiwa moja, fungua kile kichujio kidogo mdomoni mwa koki, au kichwa cha shawa. Kama unatumia kisima utakuta vijiwe vyeupe. Loweka kwenye siki usiku mmoja, au kamulia ndimu za kutosha, chokaa inayeyuka utaona inatoa mapovu. Asubuhi sugua na mswaki wa zamani urudishe.

Ikiwa nyumba nzima, na maji yanatoka kwenye simtanki, angalia kimo. Maji yanapata nguvu kutokana na kimo, kila mita 10 ni baa moja (baa ni kipimo cha nguvu ya maji), sasa simtanki lako limekaa juu ya mnara wa mita 3, umepata baa 0.3 tu, na hapo bado bomba la nusu inchi lenye kona nane. Watu wanalaumu shawa. Ongeza kimo ukiweza, kama huwezi basi shusha bomba la inchi moja kutoka kwenye tanki mpaka karibu na bafu ndo ugawe kwa nusu inchi, tofauti utaiona siku hiyohiyo.

Na kama maji yalikuwa na nguvu jana, tanki likaisha, likajaa tena, leo hayatoki kabisa au yanatoka yakikohoa, hiyo ni hewa imenasa. Fungua koki ya chini kabisa na iliyo mbali zaidi na tanki, iache wazi kabisa dakika kadhaa mpaka ikome kukohoa, kisha fuata nyingine. Hewa inapenda kukaa pale bomba lilipopanda halafu likashuka tena, kwa hiyo fundi akikupitishia bomba juu ya mlango halafu chini tena, mwambie aweke sehemu ya kutolea hewa pale juu.

Jambo jingine linalohusu maji kurudi. Yakirudi baada ya kukatika siku mbili usiyapeleke moja kwa moja kwenye tanki. Fungua kwanza koki ya nje uani, acha yatoke mpaka yawe meupe, mwagilia miche, ndo ufungulie tanki. Mvua zikipiga kule Amani mto Zigi unashuka na tope mpaka bwawa la Mabayani, na hata yakisafishwa vizuri, bomba za mtaani zikikaa tupu halafu zikajaa ghafla zinakokota kila kilichotulia chini. Tanki lenyewe lioshe walau mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli.

Bili imepanda na hamna anayejaza bwawa la kuogelea

Usiku kabla ya kulala funga koki zote, usiflashi choo, hakikisha na tanki limejaa na limeacha kuingiza maji. Nenda kwenye mita piga picha kwa simu. Alfajiri kabla mtu hajachukua udhu, piga nyingine. Namba zikiwa tofauti unavuja. Uniti moja ni lita 1,000, na mita nyingi zina kigurudumu kidogo kinachozunguka hata maji yakiwa machache, hicho kikizunguka wakati kila kitu kimefungwa jibu umelipata hapohapo bila kusubiri asubuhi.

Kisha funga koki kuu ya upande wa nyumba. Kigurudumu kikiendelea kuzunguka, kuna bomba linavuja chini ya ardhi kati ya mita na koki. Kikisimama, mvujo uko ndani.

Ndani mtuhumiwa wa kwanza ni tanki la flashi, maana halipigi kelele na maji yanaishia chooni huoni kitu. Dondoshea rangi ya chakula, au juisi ya rozela iliyokolea, ndani ya tanki la flashi, usiflashi kwa nusu saa, rudi uangalie ndani ya choo. Ukiona wekundu, ule mpira wa chini umechoka au una chokaa chini yake. Glasi moja ndogo kila dakika, robo lita, ni lita 360 kwa siku, ambazo kwa mwezi ni karibu uniti 11. Mpira huo ni bei ya soda mbili tatu.

Wa pili ni boya la simtanki. Boya likishindwa kufunga maji yanamwagika kwenye ovaflo, lile bomba la kutolea maji yanayozidi, usiku kucha, na kama ovaflo imeelekezwa kwenye shimo la maji machafu hutajua kamwe. Ielekeze mahali panapoonekana, ukutani mbele ya dirisha la jikoni kwa mfano.

Ukuta umelowa, rangi inabanduka

Hapa mafundi wengi wanavunja ukuta bure. Nyumba nyingi za pwani zimepigwa plasta ya mchanga wenye chumvi, na chumvi inavuta unyevu. Ukiona unga mweupe unaokwaruzika, na ulowevu uko chini tu, kama mita moja kwenda chini, na upo ukuta mzima, hiyo ni chumvi na unyevu unaopanda kutoka ardhini. Bomba haliwezi kulowesha ukuta wote sawasawa. Mvujo wa bomba unakuwa doa, lina katikati palipolowa zaidi, na mita itakuambia. Usiruhusu nyundo kabla ya kufanya lile jaribio la mita.

Ikithibitika ni bomba na ni la chuma, usiunge kipande. Bomba la chuma likishatoboka sehemu moja kwa kutu hapa kwetu sehemu nyingine ziko njiani, utavunja ukuta huohuo tena mwakani. Badilisha njia nzima uweke PPR, zile bomba za plastiki zinazounganishwa kwa kuyeyushwa na moto. Ila PPR na PVC zote hazipendi jua, za juu ya paa zipake rangi au zifunike, zikipigwa na jua miaka zinakuwa kama biskuti.

Masika yakianza choo hakishuki

Ikitokea kila mwaka msimu uleule wa Machi mpaka Mei, acha kuita wa kuzibua. Kuna mawili. La kwanza, maji ya paa yameunganishwa kwenye chemba. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo bati la mita za mraba 100 na mvua ya milimita 50 ya siku moja unapata lita 5,000, shimo gani litavumilia? Tenganisha, maji ya mvua yaende kwenye tanki lake au mtaroni.

La pili, maji ya ardhini yamepanda, hasa nyumba za bondeni na zilizo karibu na bahari, shimo linajazwa kutokea chini. Hapo kunyonya na gari kunakupa nafuu ya siku chache tu halafu linajaa tena. Shimo linatakiwa liwe fupi na pana badala ya refu, chini yake pabaki walau mita moja na nusu kabla ya kukuta maji, na liwe mbali na kisima mita 30 au zaidi, chako na cha jirani pia.

Ikitokea kiangazi pia basi ni mteremko au mizizi. Bomba la inchi 4 linataka kushuka sentimita 2.5 kwa kila mita. Likilala sana uchafu unabaki, na karibu na mwarobaini au mkungu mizizi inaingia kwenye kila kiungo kilichopakwa gundi kidogo.

Na shimo likifunguliwa, kwa sababu yoyote ile, mtu asiingie ndani. Hata kama ni fupi, hata kama ndoo imeangukia humo. Hewa ya mle inamwangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayemfuata kumwokoa anaangukia hapohapo. Vuta kwa kamba na ndoano ukiwa nje, watoto wakae mbali, na mfuniko urudi siku hiyohiyo kabla ya magharibi.